Kuzuru Ladakh kwa Kufuata Mwinuko: Leh, Alchi, Nubra na Pangong

Wengi wanaopanga safari ya Ladakh huanza na picha ya ziwa Pangong: maji ya samawati, milima mikavu nyuma yake, hema ufukweni. Wanataka wafike hapo siku ya pili tu baada ya kushuka kwenye ndege. Mpango wa namna hiyo huwafikisha watu hospitalini, na wengine ni vijana wenye nguvu ambao hawana historia ya kuugua. Ladakh iko kaskazini kabisa mwa India, kati ya safu za Himalaya na Karakoram, na karibu kila mahali atakapofika mgeni ni mita 3,000 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata mahali pa kulala. Ukipanda juu kutazama kitu kwa saa moja kisha ukashuka kulala chini, mwili huvumilia. Ukilala juu kabla mwili haujazoea, hapo ndipo penye hatari.

Kwanza: chagua majira

Kwa msomaji wa pwani kuna jambo zuri la kujua hapa. Kusi inayovuma kwetu kuanzia Aprili, iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka Lamu na Zanzibar kuelekea Bara Hindi, ndiyo inayovuka ikweta na kuingia India imebeba mvua. Mvua hiyo kwa sehemu kubwa humwagika kwenye miteremko ya kusini ya Himalaya. Upande wa pili, Leh, mji mkubwa wa Ladakh, hupata takriban milimita 100 tu kwa mwaka. Julai, Mumbai inapokuwa imelowa chapachapa, Ladakh kuna jua kali, na shayiri inakua kwa maji ya theluji iliyoyeyuka, yanayoletwa mashambani kwa mifereji.

Basi nenda kati ya Juni na katikati ya Septemba. Barabara zote kubwa huwa wazi, na usiku baridi yake inavumilika kwa sweta na jaketi. Ukipenda aprikoti mbichi, lenga mwisho wa Julai au Agosti. Kuanzia Novemba nyumba nyingi za wageni hufungwa na baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Majira hayo ni ya wanaofuata chui wa theluji katika hifadhi ya Hemis, na hao wanahitaji mwongozo mwingine.

Ukavu huo usikudanganye. Usiku mmoja wa Agosti 2010 mvua ya ghafla ilishuka Leh, mafuriko ya matope yakaua watu zaidi ya 200. Milima isiyo na miti haizuii maji. Ukiona wingu zito, usikubali kulala hemani kwenye mkondo mkavu wa mto, hata kama mandhari yake ni nzuri kiasi gani.

Pili: makaratasi

Raia wa Kenya na Tanzania huomba viza ya India kwa intaneti. Tumia tovuti ya serikali ya India yenyewe, ambayo anwani yake huishia na gov.in, zipo nyingi za watu binafsi zinazofanana nayo na kutoza ada juu ya ada. Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India hukidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na chanjo lazima iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika. Ikiwa ulishachanjwa zamani, kitafute kile kitabu cha njano: tangu 2016 cheti hicho kinahesabiwa halali maisha yote.

Kibali cha maeneo ya mpakani ni jambo jingine. Kwa Leh mjini, Thiksey, Hemis, Alchi na Lamayuru hutahitaji kibali chochote. Kwa bonde la Nubra na maziwa ya Pangong na Tso Moriri unahitaji, kwa kuwa yako karibu na mipaka ya China na Pakistan ambayo nchi hizo bado zinabishania. Asiye raia wa India huombewa kibali na wakala wa utalii aliyesajiliwa, na kanuni inataka waombaji wawe wawili au zaidi. Unayesafiri peke yako, mwandikie wakala mapema akuunganishe na wageni wengine. Muhimu zaidi: kibali kinataja njia na maeneo. Mpe wakala orodha ya kila mahali unapotaka kufika, kijiji cha mpakani cha Turtuk kikiwemo, maana askari wa kizuizi cha barabarani hatasikiliza maelezo ya mdomo. Piga nakala kadhaa za kibali, pasipoti na viza, kwa sababu vizuizi vingi hubaki na nakala.

Jambo la simu huwashtua wengi. Laini ya malipo ya kabla iliyonunuliwa Delhi au Mumbai haifanyi kazi Ladakh. Utanunua nyingine Leh au utakaa bila mtandao, na huko Nubra na Pangong mtandao ni wa kubahatisha hata ukiwa na laini ya huko. Waage ndugu zako kabla ya kutoka Leh, uwaambie kwamba kimya cha siku tatu si dalili ya msiba. Toa pia fedha taslimu za kutosha ukiwa Leh, kwani ukishavuka milima mashine za kutolea fedha ni adimu.

Tatu: jiulize kuhusu afya yako, hasa damu yako

Leh iko mita 3,500 hivi. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaweza kupima kwa kambi ya Horombo, ambayo iko mita 3,720: mpandaji hufika huko siku ya pili kwa miguu, akiwa amelala Mandara. Wewe utatoka Delhi, iliyo kama mita 200 tu juu ya usawa wa bahari, na baada ya saa moja na robo hivi ya ndege utakuwa Leh. Kila pumzi utakayovuta huko ina takriban theluthi mbili ya oksijeni ya pwani.

Kuna onyo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa Wazungu au kwa Wahindi hulipita haraka, nasi hatuwezi kulipita. Ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida katika nchi zetu, kuanzia pwani hadi Ziwa Victoria na Kongo. Mwenye ugonjwa huo asiende mwinuko wa namna hii bila ruhusa ya daktari wake, na mara nyingi daktari atamkataza. Hata aliyerithi upande mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza kupata madhara ya wengu, yaani bandama, akiwa juu: maumivu makali upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kama hujui hali yako, kapime kabla ya kununua tiketi. Kipimo ni cha damu tu na hospitali nyingi za mikoa zinacho. Wenye maradhi ya moyo au mapafu, na wajawazito, nao wamwone daktari.

Zungumza naye pia kuhusu acetazolamide, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Kwa kawaida watu wazima huandikiwa miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Husaidia mwili kuzoea haraka. Vidole huwasha kidogo na mkojo huwa mwingi. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari. Kisha kata bima ya safari inayotaja wazi kwamba inalipia matibabu na uokoaji katika mwinuko huo.

Nne: amua utaingiaje

Ndege nyingi za moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam hutua Mumbai, na kutoka hapo utaunganisha Delhi. Ndege za Leh huruka asubuhi, kwa kuwa mchana upepo wa bondeni huwa mkali na hewa nyembamba yenye joto huzidi kuipunguzia ndege nguvu. Kwa hiyo utalala Delhi usiku mmoja.

Njia ya pili ni barabara ya Srinagar, kilomita kama 420. Hii ndiyo ninayoipenda kwa mwenye muda na mwenye kuogopa mwinuko. Srinagar iko chini ya mita 1,600. Unavuka kipito cha Zoji La, unapita Drass, unalala Kargil ambako ni mita 2,700 hivi, siku ya pili unapita kipito cha Fotu La chenye mita 4,108 kisha unashuka bonde la mto Indus. Mwili unapandishwa kwa hatua. Fuatilia tu hali ya usalama ya Kashmir kabla ya kulipia chochote.

Njia ya tatu, ya Manali, ni maarufu kwa waendesha pikipiki, na tangu handaki la Atal lilipofunguliwa Oktoba 2020 mwanzo wake umekuwa mwepesi. Lakini mbele yake vipo vipito vya zaidi ya mita 5,000, na wengi hulala Sarchu, karibu mita 4,300, usiku wa kwanza wa juu. Sishauri kuingilia huko. Itumie kutokea, mwili ukiwa umeshazoea.

Tano: Leh, na siku mbili za kutofanya kitu

Siku ya kwanza ni ya kulala. Nasema hivyo nikimaanisha kulala kitandani, kunywa maji na chai, kula supu, na kwenda chooni. Usipande ngazi za Shanti Stupa, kuba la ibada la Kibudha, eti kwa sababu unajisikia vizuri. Maumivu ya mwinuko huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku. Usinywe pombe wala dawa za usingizi. Kichwa kuuma kidogo, usingizi wa kukatika na hamu ndogo ya chakula ni vya kawaida, navyo hupungua siku ya pili au ya tatu.

Zijue dalili ambazo si za kawaida. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, au kikohozi kinachoongezeka, hasa chenye povu la waridi, maana yake mapafu yanajaa maji. Kuyumba, kushindwa kutembea juu ya mstari mnyoofu, au kuongea mambo yasiyoeleweka, maana yake ubongo unavimba. Hali zote mbili zinaua ndani ya saa chache. Mgonjwa ashushwe chini mara moja, usiku au mchana, na apewe oksijeni. Leh kuna hospitali ya Sonam Norboo Memorial, ambayo madaktari wake wanaujua ugonjwa huu vizuri kwa kuuona kila msimu. Mwenzako akianza kuyumba, usimsikilize akisema yuko sawa.

Siku ya pili tembea sokoni, pole pole kama wanavyosema waongozaji wa Kilimanjaro. Katikati ya soko kuu upo msikiti wa Jamia wa karne ya 17, na juu ya mji limesimama kasri la ghorofa tisa lililojengwa na mfalme Sengge Namgyal katika karne hiyo hiyo. Wilaya ya Leh ina Wabudha wengi, ya Kargil Waislamu wengi, hasa Mashia, na mjini Leh jamii hizi zimeishi mtaa mmoja kwa karne nyingi. Msafiri Mwislamu hatapata shida ya pa kuswali wala ya nyama ya halali. Jioni panda kasri kwa hatua fupi, uone bonde lote la Indus na milima ya Stok ng'ambo yake. Mto huo huo huingia Pakistan na kumwagika Bahari ya Arabu karibu na Karachi.

Chakula cha kuanzia ni *thukpa*, supu ya tambi na mboga ambayo tumbo lililochafuka huipokea. Jaribu na *skyu*, vipande vya unga wa ngano vilivyochemshwa na viazi na karoti. Chai ya wenyeji hutiwa siagi na chumvi. Anayetarajia chai ya maziwa yenye tangawizi atashangaa kwa funda la kwanza, lakini ichukulie kama mchuzi mwepesi na utaona jinsi inavyopasha mwili joto.

Salamu ni *Julley*, nayo hutumika pia kuaga na kushukuru. Itoe kwa kila unayekutana naye njiani, mkubwa kwa mdogo. Wenyeji huwaita watu wa makamo kaka na dada kama sisi, *acho* na *ache*, na huongeza *le* mwishoni kwa heshima. Sema *ache-le* kwa mama anayeuza mboga na utaona uso unavyofunguka.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Leh tangu 1998, kwa juhudi za akina mama wa huko. Kenya na Tanzania zilifuata 2017 na 2019. Beba chupa yako, ijazwe maji yaliyochujwa katika nyumba ya wageni.

Sita: monasteri za mashariki, kwenda na kurudi

Siku ya tatu kodi teksi. Nauli hupangwa na chama cha madereva na huchapishwa kwa kila njia, kwa hiyo omba uoneshwe orodha badala ya kubishana. Magari na pikipiki za kukodi kutoka nje ya Ladakh haziruhusiwi kutembeza watalii humo, kodi Leh.

Anzia Thiksey, kilomita kama 19 kutoka Leh, na uanze alfajiri. Kabla ya saa 1 asubuhi watawa vijana hupanda paa na kupiga mabaragumu marefu, kisha sala huanza ndani. Mgeni anaruhusiwa kukaa kando ya ukuta, kimya, viatu vimeachwa mlangoni. Baadaye nenda ukumbi wa Maitreya, Budha atakayekuja, sanamu ya mita 15 hivi ambayo uso wake unauona ukiwa ghorofa ya juu. Monasteri yenyewe ni ghorofa 12 zilizopanda kilima, majengo meupe chini na mekundu juu.

Hemis, kilomita 45 hivi kutoka mjini, imejificha kwenye korongo. Ni tajiri kuliko nyingine zote, na sikukuu yake ya ngoma za vinyago huja Juni au Julai kwa kalenda ya Kitibeti. Ukiikuta, nenda, ujue tu kwamba utabanana. Shey, yenye kasri la kale, iko njiani. Saa moja inaitosha.

Adabu ni chache lakini zishike: zunguka stupa na kuta za mawe ya sala kwa kuziweka upande wako wa kulia, usielekeze nyayo zako kwa sanamu, uliza kabla ya kumpiga mtu picha, na usipige picha kambi za jeshi wala madaraja.

Saba: Alchi, mahali ambapo wengi hupaharakisha

Shuka sasa magharibi kwa barabara ya Srinagar. Nimmu utasimama kwenye ukingo kutazama mito ya Indus na Zanskar ikikutana, maji ya rangi mbili yakienda ubavu kwa ubavu kabla ya kuchanganyika. Halafu endelea hadi Alchi, kilomita 65 hivi kutoka Leh, na ulale huko. Kijiji kiko mita 3,100 hivi, chini kuliko Leh, na usingizi wake ni mzuri. Kwa mtu ambaye mwinuko unamsumbua sana natoa ushauri huu: akishuka kwenye ndege apitilize moja kwa moja Alchi alale huko usiku wa kwanza, Leh ije baadaye.

Ukiniuliza nichague mahali pamoja tu Ladakh, nitachagua hapa. Nje, hekalu la Alchi ni la udongo na mbao, dogo, bila kilima wala ngazi za kutisha. Ndani, kuta zote zimefunikwa kwa michoro ya karne ya 11 hadi ya 13, kazi ya mafundi wa jadi ya Kashmir, wakati Kashmir yenyewe ilipokuwa na shule kubwa za Kibudha. Kule Kashmir michoro ya aina hii haikubaki. Hapa imebaki kwa sababu ya ukavu na kwa sababu njia kuu ilikuja kuhamia mbali na kijiji. Katika hekalu la ghorofa tatu liitwalo Sumtsek zimesimama sanamu tatu kubwa kila moja katika shubaka lake, vichwa vyao vikipenya ghorofa ya juu. Tazama nguo iliyofungwa kiunoni mwa sanamu ya Avalokiteshvara, mwenye huruma katika imani ya Kibudha: imechorwa makasri, mahekalu, watu na farasi, vidogo vidogo, kama ramani ya nchi iliyopotea. Leta kurunzi dogo lenye mwanga hafifu, maana ndani ni giza. Kupiga picha ndani kumekatazwa, na katazo hilo ni la haki. Kaa, macho yazoee, rudi tena jioni ikiwa mlinzi bado yupo.

Siku inayofuata fika Lamayuru, monasteri iliyosimama juu ya vilima vya udongo wa manjano vilivyochongwa na upepo na maji, na ama ulale huko ama urudi Leh.

Nane: Nubra na Turtuk

Sasa umeshalala usiku nne au tano kati ya mita 3,100 na 3,500, na unaweza kuvuka Khardung La. Kipito hicho kiko kilomita 40 hivi kaskazini mwa Leh. Kwa miaka mingi mabango yake yalitangaza mita 5,602. Vipimo vya satelaiti vimeonesha 5,359, ambayo ni juu kuliko kilele cha Lenana cha Mlima Kenya. Oksijeni ni karibu nusu ya ile ya pwani. Piga picha, tembea taratibu, na ondoka baada ya dakika 15 au 20. Anayesikia kizunguzungu asibaki kungoja kipite, aingie garini mshuke.

Unashuka hadi Diskit, mita 3,100 hivi, na hii ndiyo sababu Nubra hutangulia Pangong: umepita juu lakini unalala chini. Hapo ipo monasteri ya karne ya 14, na mbele yake sanamu ya Maitreya ya mita 32 iliyowekwa wakfu na Dalai Lama mwaka 2010, ikitazama bonde la mto Shyok. Hunder, kilomita chache mbele, kuna vilima vya mchanga na ngamia wa nundu mbili, wazao wa wale waliobeba hariri, sufu na chai wakati misafara ilipovuka Karakoram kati ya Leh na Yarkand, mji ulio China leo. Mipaka ilipofungwa katikati ya karne ya 20, ngamia wakabaki bila kazi, hadi watalii walipokuja.

Usiishie Hunder. Lala usiku mmoja kisha endelea Turtuk, mwendo wa nusu siku kwa gari kufuata Shyok. Wakazi wake ni Wabalti, Waislamu, na hadi Desemba 1971 kijiji kilikuwa Pakistan. Vita vya mwaka huo vilipokwisha kilijikuta India, na baadhi ya familia zikabaki zimegawanyika pande mbili, ndugu huku na ndugu kule. Watalii waliruhusiwa kufika mwaka 2010 tu. Utatembea kwenye vichochoro vya mawe chini ya miaprikoti, maji yakipita kando ya kila mlango, na utaoneshwa vibanda vya mawe vilivyojengwa juu ya nyufa zenye hewa baridi, ambavyo huhifadhi maziwa na nyama bila umeme. Salamu yako ya Kiislamu itaitikiwa kwa furaha. Lala kwa wenyeji ikiwezekana, ule walichopika, na uwe mwangalifu kuwahoji kuhusu mpaka. Wakitaka watasimulia wenyewe.

Tisa: Pangong, kwa usiku mmoja

Kutoka Nubra kuna njia ya moja kwa moja ya bonde la Shyok hadi Pangong, ikiwa kibali chako kinaitaja na mto haujaikata. La sivyo rudi Leh, lala, kisha vuka Chang La, kipito kingine cha zaidi ya mita 5,300.

Ziwa lenyewe liko karibu mita 4,250. Kutoka Hunder ni kuruka zaidi ya mita 1,100 kwa siku moja, wakati kanuni ya madaktari ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya usiku na usiku. Ndiyo maana nasisitiza Pangong ije mwisho, na hata hivyo nakushauri ulale Tangtse, kijiji kilicho chini kidogo kuliko ziwa, kisha uende ufukweni asubuhi. Anayetaka kulala Spangmik, kijiji cha ufukweni, kuona nyota, alale usiku mmoja, apate chakula chepesi, na gari libaki karibu na dereva ajulikane amelala wapi.

Pangong ina urefu wa kilomita 134 hivi, sehemu kubwa ikiwa upande unaoshikiliwa na China. Maji yake yana chumvichumvi kwa sababu hayana pa kutokea, na hata hivyo wakati wa baridi huganda kiasi cha kutembelewa. Mwaka 2020 majeshi ya India na China yalikabiliana kwenye kingo hizi, na utaona askari wengi njiani. Rangi hubadilika kadiri jua linavyosogea. Saa nzuri ni asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza na kabla magari ya watu wa kwenda na kurudi hayajafika. Upepo wa mchana unakata midomo. Paka losheni ya jua hata kama ngozi yako ni nyeusi tii, kwani mwanga wa huko huunguza, na miwani ya jua usiivue.

Mwenye siku mbili za ziada na mwili uliozoea anaweza kwenda Tso Moriri, mita 4,522, ambako Wachangpa, wafugaji wa kuhamahama, hufuga mbuzi wanaotoa manyoya ya pashmina. Ni kimya kuliko Pangong. Asiye na siku hizo asiibane ratiba.

Kumi: kuondoka

Rudi Leh na ulale usiku wa mwisho huko. Wingu likitanda asubuhi ndege huahirishwa, pengine siku nzima, kwa hiyo usiunganishe ndege ya Leh na ile ya kurudi Afrika Mashariki siku hiyo hiyo. Acha siku kamili Delhi katikati. Fika uwanjani saa mbili na nusu hadi tatu kabla, maana ukaguzi wa usalama Leh ni mrefu, na mara nyingine abiria huitwa kutambua mizigo yao kabla haijapakiwa. Chaji na betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi. Ukibaki na aprikoti kavu, ziweke kwenye mzigo mkubwa zikiwa zimefungwa vizuri, na ulizia kanuni za forodha za nchi yako kuhusu matunda makavu na mbegu kabla ya kununua kilo nyingi.